Mustari Uliofifia Kwenye Mashini ya Depo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati kazi ilianza saa moja na nusu. Nilivaa abacost, ile suti isiyo na tai ya enzi zile, ya kaka yangu, ambaye alikuwa na mabega ya mutu anayebeba magunia sokoni, na mimi wakati ule ungeweza kunipitisha chini ya mlango bila kuufungua. Mlinzi alinitazama kwa muda wa misa nzima.

"Weye ni nani?"

"Miye ni mupya wa biro."

"Mupya eko ndani ya abacost, ao abacost imekuja peke yake?"

Ndivyo nilivyoingia biro, yaani ofisini, katika kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Nyinyi vijana mnaoandika programu leo mkiwa mmelala kitandani, kompyuta juu ya tumbo, nataka niwaeleze jinsi tulivyoifanya Bukavu katika miaka ya Zaïre, tulipokuwa sote Citoyen na Citoyenne, yaani raia, bila Bwana wala Bibi, na tulipoanza kila siku kwa kuinua bendera na kuimba. Mimi niliimba kwa nguvu hata waliokuwa ng'ambo ya ziwa walijua ni saa ngapi.

Depo yetu ilikuwa ya dawa. Ilikuwa juu kidogo ya soko la Nyawera, na kutoka pale dawa zilikwenda kwenye vituo vya afya vya kuzunguka mji: Nyantende, Mumosho, na vile vya milimani ambako waganga, yaani wauguzi wa vituo, walikuja kwa miguu na kikapu mgongoni. Citoyen Chef du Personnel, mkubwa wa wafanyakazi, alinipokea akiwa amekwisha kukunja uso.

"Umesoma nini?"

"Informatique, Citoyen Chef. Cours du soir, miaka tatu."

"Na umeisha kuona ordinateur?"

"Bado, Citoyen Chef."

Sikumdanganya. Kwa miaka mitatu, jioni baada ya jioni, tulisoma mashini hiyo, kompyuta, bila kuiona. Mwalimu wetu alichora clavier, yaani ubao wa vitufe vya kuandikia, kwenye vipande vya kartoni, kila mwanafunzi na chake. Tulipiga vidole juu ya kartoni, na yeye alipita katikati yetu akitutangazia kinachotokea kwenye ekrani, kioo cha mashini. "Weye umefuta kazi yote," alimwambia mmoja, na yule jamaa alilia kweli. Mimi nilimaliza wa kwanza darasani, ingawa kuna wanaosema nilikuwa wa nne.

Citoyen Chef du Personnel hakuwa na ordinateur ya kunipa, basi alinipeleka kwenye kitengo cha étiquettes. Kazi ilikuwa kupiga kwa taipureta vile vikaratasi vya kubandika kwenye chupa. Nilikaa pale miaka miwili, na nilipiga vikaratasi vya kutosha kufunika barabara mpaka Uvira. Lakini kitu kimoja nilijifunza: kikaratasi kinasomwa na mutu aliyesimama, mwenye haraka, na mara nyingi mwenye mutoto mgonjwa mkononi. Maneno matatu akiyaelewa umefaulu. La nne unajiandikia mwenyewe.

Kisha mashini ikaja. Ilitoka Ulaya, zawadi ya marafiki wa depo, ndani ya sanduku la mbao ambalo watu wanane walilibeba wakiomba Mungu kwa lugha nne. Pamoja nayo alikuja Monsieur l'Expert, kijana mrefu mwenye ndevu nyekundu, na kitabu cha maelezo kinene ambacho ungeweza kukiweka nyuma ya gurudumu la lori kwenye mlima likatulia. Citoyen Directeur aliuliza nani amesoma mambo haya. Nilinyanyua mkono kabla hajamaliza, na tangu siku hiyo nikawa mutu wa service informatique. Nilikuwa mkubwa wa kitengo na mdogo wa kitengo pia, maana nilikuwa peke yangu.

Niwaeleze kazi yenyewe. Menu ni orodha ya shughuli ambazo mashini iko tayari kukufanyia. Juu kuna vichwa. Ukifungua kichwa, chini yake kuna mistari. Wakati ule hapakuwa na kile kidude cha kusukuma mezani. Ulishuka na kupanda kwa vitufe vya mishale, na ukifika kwenye mustari unaoutaka ulipiga Entrée. Mashini yetu ilikuwa na ekrani nyeusi na herufi za kijani, kijani cha majani ya muhogo baada ya mvua, na mimi niliiona nzuri kupita bibi arusi yeyote aliyewahi kutoka kanisani Bukavu.

Monsieur l'Expert na mimi tulitengeneza vichwa vinne: FICHIER, MOUVEMENTS, ÉDITIONS, UTILITAIRES, yaani faili, mizunguko ya bidhaa, machapisho na zana. Vilitoka kwenye kitabu chake. Nilipoviona vimejipanga pale juu nilijisikia nimejenga katedrali. Kisha akanifundisha jambo ambalo ndilo sababu ya maandishi haya. Kuna wakati mustari fulani haufai kutumika. Kwa mfano, huwezi kutoa dawa kabla ya kuhakikisha zile zilizoingia asubuhi. Basi mustari huo haufutwi. Unafifishwa, yaani herufi zake zinapunguziwa mwanga, na mutu akipiga Entrée juu yake mashini inanyamaza.

"Na atajuaje kwa nini imenyamaza?" nilimuuliza.

"Citoyen Bisimwa," alinijibu kwa Kifaransa chake cha upole, "akiona umefifia ataelewa. Dunia nzima wanaelewa."

Nilikuwa na hamu ya kumuuliza alizunguka dunia hiyo lini, lakini alikuwa mkubwa wangu, na kesho yake alikuwa anasafiri. Aliniachia kitabu, diskette sita na soksi moja.

Kabla ya kuwapa wenzangu mashini, niliwakusanya kwa somo la kwanza. Somo hilo halikuhusu menu hata kidogo, lilihusu courant. Mnajua umeme wetu ulivyokuwa. Kufika saa ya kupika, taa ya nyumba iligeuka rangi ya chungwa, redio ilianza kuongea kama mgonjwa, na friji ya jirani ilitetemeka kama inataka kuhama. Kwa hiyo kando ya mashini tuliweka stabilisateur, sanduku la chuma lenye sindano ya kuonyesha nguvu ya courant, ambalo lilinguruma kutwa nzima. Niliwaimbisha kama katekisimu:

"Mukiona ekrani inafifia, munafanya nini?"

"Tunaondoa mikono."

"Na kisha?"

"Tunangojea courant ipande."

"Na mutu akigusa?"

"Anaunguza mashini ya Leta."

Haikuwa mashini ya Leta, yaani ya serikali, lakini niliona neno hilo linaogopesha zaidi.

Aliyeimba vizuri kuliko wote alikuwa Maman Nsimire, magasinière wetu, yaani mwenye stoo na guichet, dirisha la kutolea dawa. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa kwenye guichet ile tangu kabla mimi sijajua kusoma. Alikuwa na fiches zake, kadi za karatasi ndani ya kopo kubwa la biskuti, kadi moja kwa kila dawa. Muganga wa Nyantende akifungua kinywa kusema "kwi", Maman alikwisha kumshikisha kwinini. Alijua kila kituo, kila muganga, na ni muganga gani anasema uongo kuhusu idadi ya wagonjwa. Nilimuogopa kidogo. Lakini clavier aliijua kwa juma moja. Vidole vilivyozoea kugawa vidonge viwili viwili havikushindwa na vitufe.

Citoyen Directeur alikuwa mutu wa amri fupi. Siku tuliyoanza alichukua kopo la biskuti mwenyewe, akaliweka kwenye kabati lake, akafunga kwa kufuli.

"Tangu leo ni mashini," alisema. "Fiches zimekufa."

Juma la kwanza hapakuingia katoni mpya, na kazi ilikwenda vizuri. Juma la pili nikaanza kusikia kelele kutoka guichet. Nilipochungulia niliona waganga wamejaa kwenye benchi, na Maman Nsimire amekaa mbele ya ekrani, mikono imelala juu ya kitenge chake, anatazama. Hafanyi kitu. Baada ya muda mashini ilionekana kumkubali, kazi ikaendelea. Kesho yake vilevile. Siku moja muganga wa Mumosho, mzee mwembamba aliyetoka kwake alfajiri kwa baiskeli, alikaa mpaka saa tisa akarudi na kikapu kitupu. Huko kwake homa ilikuwa imekamata watoto. Alipita mbele ya mlango wangu bila kunisalimia.

Citoyen Directeur aliniita siku hiyohiyo.

"Bisimwa, mashini iko muzima?"

"Iko muzima, Citoyen Directeur. Nimeipima."

"Basi ni yule maman. Anaikalia mbele kama eko kwa kinyozi. Uniandikie rapport, kwamba Citoyenne Nsimire hawezi mashini. Vendredi nitaisoma mbele ya wote. Nitaweka diplômé kwa guichet, na yeye aende kuosha chupa."

Chumba cha kuosha chupa kilikuwa nyuma ya depo, sakafu ya maji, hakuna dirisha. Walipelekwa huko waliokuwa hawajui kusoma, na waliokuwa wamemchukiza mutu fulani. Kwamba Maman Nsimire, ambaye nusu ya Kivu ilimwita Maman Dawa, angemaliza kazi yake pale mikono ndani ya maji ya soda ya kuoshea, hilo sikulipenda. Lakini nitasema ukweli wote, maana nimekwisha kuzeeka na aibu yangu imezeeka pamoja nami. Nilirudi mezani nikatia karatasi kwenye taipureta na nikaandika mistari mitatu ya ile rapport. Niliandika "hana uwezo". Programu ilikuwa yangu, na nilipenda zaidi kosa liwe la mutu mwingine.

Mustari wa nne ulinishinda kwa sababu moja tu: sikujua. Ilikuwa lazima niandike ni kitu gani hasa hawezi, na sikukijua. Kupiga vitufe alijua. Kusoma alijua, hata Kifaransa. Sasa pale alipokaa mikono juu ya kitenge, kulikuwa na nini? Hamu ya kujua iliniwasha mwili mzima kama siafu. Nikaacha karatasi ndani ya taipureta, na kesho yake asubuhi nikachukua kiti, nikaenda kukaa nyuma yake.

"Maman, musinijali. Nakuja kutazama tu."

"Tazama, baba. Hata wengine wanatazamaka."

Nilikaa saa nzima. Aliingiza katoni zilizofika asubuhi, haraka na bila kosa. Akapanda kwenye MOUVEMENTS, akashuka mpaka kwenye mustari wa Sortie, ule wa kutoa dawa. Ulikuwa umefifia. Akaondoa mikono taratibu, kama padri anapomaliza kubariki, akailaza mapajani. Akageuka kutazama sindano ya stabilisateur.

Ndipo nikamuuliza: "Maman, munangojea nini?"

Alinitazama kwa mshangao. "Nangojea courant ipande. Si ni weye ulitufundisha?"

Wenzangu, ni mimi kweli niliyewafundisha. Nilijaribu kujitetea.

"Lakini Maman, mustari ile moja tu ndiyo imefifia. Ingine yote inawaka muzuri. Courant ingekuwa chini, si ekrani yote ingefifia?"

"Ee, Bisimwa. Weye unaishi wapi?"

"Kadutu."

"Na Kadutu ikikosa courant, Ibanda inakosaka?"

"Hapana."

"Avenue yetu inakuwaka giza, na ile ya chini yetu wanapiga pasi. Courant inagawanywaka. Mimi nikaona, hapa ndani pia wanagawa. Huu mustari ndio hawakupatia leo."

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na sijakuta hoja iliyojengwa vizuri zaidi ya ile. Mama huyu alikuwa na macho yake, alikuwa na mji wake, na alikuwa na amri yangu. Aliviunganisha vitatu akapata jibu moja safi, na jibu hilo lilikuwa linampeleka kuosha chupa. Siku ambazo mashini ilionekana kumkubali, ni kwamba katika kutafutatafuta alikuwa amefungua UTILITAIRES akapiga Validation, ule mustari wa kuhakikisha dawa zilizoingia, bila kujua kwamba ndiyo iliyofungua Sortie. Tulikuwa tumeificha kule kwa sababu kitabu cha Monsieur l'Expert kiliiweka kule.

"Juu ya sababu gani inaitwa Utilitaires?" aliniuliza. "Nani anaamukaka asubuhi anasema, leo nakwenda kufanya utilitaires? Mimi napokeaka. Naangaliaka. Natoaka. Nachapaka karatasi."

Ilikuwa mercredi, Jumatano, na vendredi ni Ijumaa. Nilikuwa na siku moja na nusu. Niliomba ruhusa nikateremka Nyawera na vipande vya kartoni, maana kartoni ilikuwa chuo changu. Kwenye kila kipande niliandika neno moja, nikawa nawatandikia wauzaji kama mcheza karata: mukitaka kutoa kitu stoo, mungeenda kwa neno gani? Wengi waliniona ni mutu wa Leta anayetafuta sababu ya kuwafukuza. Mmoja alinishauri nikapumzike. Lakini karibu wote waligusa neno la kutenda, kupokea, kutoa, na hakuna hata mmoja aliyegusa MOUVEMENTS. Mama mmoja alisema mouvement ni ya kanisani, ya vijana.

Kisha nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukitazama. Muuzaji wa maharage alikuwa na marundo matano mbele yake, na juu ya kila rundo kopo la kupimia. Mahali pa sita hapakuwa na rundo, lakini kopo lilikuwa pale, limegeuzwa, kinywa chini.

"Maman, hii kopo inalala juu ya sababu gani?"

"Ni ya njegere. Zimeisha."

"Si uiondoe basi?"

"Nikiondoa watasema niliachaka kuuza njegere. Watatafuta mwingine."

"Na ukiiacha imesimama?"

"Watakuja kutia mukono, watanisumbua bure."

"Sasa mutu akiona imegeuzwa, anajua njegere zitakuja lini?"

"Ananiuliza, namwambia mardi. Nikienda kunywa maji, jirani anamwambia." Akanitazama vizuri. "Baba, weye hukuzaliwa hapa?"

Nilizaliwa pale. Nilipanda ule mlima kurudi depo nikikimbia, na nilipita malori mawili, moja lilikuwa limeharibika. Mambo yote yalikuwa pale mbele ya yule mama. Mustari uliofungwa ubaki mahali pake, kwa sababu macho yamezoea kuukuta pale. Uonyeshe waziwazi kwamba umefungwa kwa makusudi, na mwanga peke yake hautoshi, maana mwanga katika mji wetu una mambo yake mengi. Na awepo jirani wa kujibu: kwa nini umefungwa, na ufanye nini ufunguke.

Siku ile na kesho yake tulifanya kazi wawili, Maman Nsimire akisema na mimi nikiandika. Vichwa vikawa KUPOKEA, KUANGALIA, KUTOA, KUCHAPA, kwa mpango ambao siku yake inakwenda. Ile Validation ikatoka uhamishoni, ikawa mustari wa mwisho chini ya KUPOKEA, na jina lake likawa "Maliza kupokea". Mustari uliofungwa niliuwekea mbele alama ya msalaba na neno "imefungwa", kwa mwanga uleule wa mistari mingine. Na chini kabisa ya ekrani niliweka jirani. Ukifika kwenye mustari uliofungwa anakuambia: "Dawa za leo hazijamalizika kupokelewa. Nenda KUPOKEA, piga Maliza kupokea." Maman alisoma, akarekebisha miwani.

"Huyu anasema kama mutu," alisema.

Vendredi, baada ya bendera, Citoyen Directeur alitukusanya mbele ya guichet. Waganga walikuwa kwenye benchi, na yule mzee wa Mumosho alikuwa wa kwanza. Maman Nsimire alivaa kitenge cha sikukuu. Baadaye aliniambia alikuwa amekwisha kuwaaga watoto wake kwamba atarudi na harufu ya soda.

"Rapport iko wapi?" Citoyen Directeur aliuliza.

"Iko ndani ya mashini, Citoyen Directeur. Ninaomba mukae mwenyewe muione."

Hakupenda, lakini mbele ya watu hakutaka kuonekana anaogopa mashini. Alikaa. Nilikuwa nimemwekea menu ya zamani, ile ya Monsieur l'Expert.

"Mumupatie muganga wa Mumosho kwinini yake. Ni MOUVEMENTS, kisha Sortie."

Alikuwa mutu mwenye akili, sipendi mumcheke. Alifungua MOUVEMENTS, akashuka, akafika kwenye Sortie, ikiwa imefifia. Alipiga Entrée mara moja. Kimya. Aliondoa mikono. Alitazama ekrani, kisha polepole kichwa chake kikageuka upande wa stabilisateur.

"Courant iko chini," alisema. "Tungojee kidogo."

Tukangojea. Stabilisateur ilinguruma. Mutu mmoja kwenye benchi alikohoa. Niliomba kicheko kisinitoke, nikauma shavu langu kwa ndani mpaka likatoka damu. Muda ulipita mrefu hata nadhani ziwa lilipungua maji.

Maman Nsimire ndiye aliyesema, kwa sauti ya heshima kabisa: "Citoyen Directeur, munangojea mpaka saa ngapi? Miye nilikuwa nafikiaka saa tisa."

Alielewa. Niliona jinsi alivyoelewa, kutoka masikio kwenda shingoni. Kisha nikaweka diskette ya menu mpya, na Maman akakaa mahali pake. Alikwenda KUTOA. Jirani akamwambia amalize kupokea. Akamaliza, msalaba ukaondoka, na yule mzee wa Mumosho akapata kwinini yake kabla hajamaliza kufungua kikapu. Alisaini, akasema "kumbe", akatoka.

Citoyen Directeur alisoma ekrani kwa muda. "Mashini ya Ulaya inasemaka Kiswahili?"

"Inasema kile inaandikiwa, Citoyen Directeur."

"Basi kosa lilikuwa la nani?"

Hapo, vijana wangu, nilitamani kumtaja Monsieur l'Expert, ambaye alikuwa mbali na hangesikia. Lakini ile karatasi yenye mistari mitatu ilikuwa bado mezani kwangu.

"Langu. Mimi ndiye niliandika menu, na mimi ndiye nilimufundisha kungojea."

"Muzuri. Guichet inabaki na Maman Nsimire. Na chupa, Bisimwa, zinahitaji mutu. Mwezi moja."

Niliosha chupa mwezi mmoja. Nilizitakasa chupa nyingi hata nikazijua kwa majina. Na kila saa sita mchana Maman Nsimire alikuja mlangoni na karatasi, akasimama nje ya maji, akanisomea mistari aliyoitaka.

"Nataka mustari ya dawa zinazokaribia kuharibika."

"Maman, niko ndani ya soda."

"Masikio iko ndani ya soda pia? Andika."

Nilipotoka nilikuwa na karatasi ishirini na mbili, na kati yake ishirini ziliingia kwenye programu. Katika maisha yangu sikupata tena mkubwa wa kazi kama yule, ingawa kwenye mpango wa depo alikuwa chini yangu.

Baadaye nilipelekwa Nyantende kuweka mashini ya pili, chini ya Ma Soeur Économe, mtawa mtunza fedha, ambaye alitaka kila kichwa kianze na sala. Tulikubaliana sala moja, mwanzoni. Kisha nilirudi mjini chini ya Directeur mwingine, kisha mwingine. Mashini zilibadilika, ekrani zikapata rangi, Zaïre yenyewe ikabadili jina. Nilifundisha cours du soir pia, na wanafunzi wangu niliwapa kazi moja kabla ya kuwagusisha clavier: nenda ukae nyuma ya mutu anayefanya kazi, usiseme, na uone mahali anapoondoa mikono. Wengi walirudi wakisema hawakuona kitu. Niliwarudisha.

Sasa nimestaafu na nina muda wa kushangaa. Wajukuu wananipa simu zao, na ndani yake naona vitu vimefifia bila kusema sababu, vichwa ambavyo hakuna mutu duniani angeamka asubuhi kuvifanya. Nawauliza, hiki kilichofifia kinamaanisha nini? Wanasema, koko, babu yetu, achana nayo, sisi pia hatujui. Hilo ndilo linanishangaza kuliko yote: kwamba watu wenye akili timamu wamezoea kuamini kosa ni lao.

Maman Nsimire alikaa kwenye guichet yake mpaka siku aliyochagua mwenyewe kuondoka. Mahali pake waliweka musichana mmoja kutoka shule, na mimi nilikaa bironi kwangu asubuhi nzima, shati limepigwa pasi, nikingoja kuitwa nikamfundishe menu. Saa nne ikapita. Saa tano. Mwishowe hamu ilinishinda nikaenda kuchungulia. Musichana alikuwa anamsoma jirani wa chini ya ekrani na kutoa dawa, muganga mmoja baada ya mwingine, na Maman alikuwa amekaa kando, amekwisha kuvua miwani, anamenya ndizi.

"Ulikuwa unataka nini, Bisimwa?" aliniuliza.

Nilimwambia sitaki kitu, nikarudi bironi, na siku nzima hakuna mutu aliyeniita.